Kwenda Litaenda Lenyewe: Vidokezo 13 kwa Anayeanza Chuo cha Malori

Kila anayejiandikisha kujifunza lori ana hamu moja: apande, akae juu kule, awashe, watu wapishe. Halafu wiki ya kwanza inamshangaza. Anazungushwa gari kama fundi, anainamishwa uvunguni, anasomeshwa habari za upepo na springi, na stelingi anaiona kwa mbali. Usinung'unike. Tani 50 zikishaanza kutembea hazihitaji mtu wa kuzihimiza, hasa pakiwa na mteremko. Anayelipwa mshahara ni yule anayeweza kuzisimamisha anapotaka, kwenye mstari anaoutaka, bila kumkanyaga mtu. Sehemu kubwa ya unachokwenda kusomea ni hiyo.

Vidokezo hivi nimemwandikia hasa yule wa Tanzania anayeitazama barabara ya Tunduma na kujiona tayari yuko Zambia. Wa Mombasa na wa Bujumbura nao watapata chao.

1. Kikague chuo kabla hujalipa

Bango lenye picha ya Scania si ushahidi kwamba Scania ipo. Nenda asubuhi ya siku ya kazi, bila kupiga simu, uangalie kwa macho yako. Je, kuna kichwa na tela lake, au ni Fuso moja iliyochoka ndiyo inayoitwa gari kubwa? Wanafunzi wangapi wanagawana hilo gari? Uwanja wa kupigia rivasi uko wapi? Swali la pili ndilo linalowatoa jasho wenye vyuo. Saa moja ya mazoezi ikigawanywa kwa vijana kumi na wawili ni dakika tano kila mmoja, na dakika tano hazitoshi hata kurekebisha kiti na vioo.

Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, yaani NIT, pale Mabibo, kinafundisha madereva wa magari makubwa, vyuo vya VETA navyo vimo, na vya binafsi vizuri vipo. Lakini usishangae kukuta mahali unapozungushwa mtaa kwa gari dogo kisha unaahidiwa cheti cha lori. Cheti cha hivyo pengine kitakufikisha kwenye leseni. Rivasi hakitakupigia.

Na leseni yenyewe uijue mapema: malori ya mizigo ni daraja E. Ile D ya gari dogo haikufikishi huko, na C ni ya mabasi na magari mengine ya abiria. Kenya wana mpangilio wao, ambako lori zito lenye trela linaangukia CE.

2. Ndala ziache nyumbani

Kiatu kiwe kimefunika mguu, soli isiyoteleza, na isiwe nene mno hadi usiisikie pedali. Glovu za kazi ni lazima, maana mipira ya upepo na vyuma vya tela vina grisi ambayo sabuni ya kipande haiwezi. Kupanda na kushuka kabini, uso uelekee gari, mikono miwili na mguu mmoja viwe vimeshika muda wote, au miguu miwili na mkono mmoja. Kuruka kutoka ngazi ya juu kunapendeza hadi siku utakapotua kwenye kokoto.

3. Kaa karibu na aliyekuwa utingo

Darasani utakuta watu wa aina mbili. Wa kwanza ni nyie mliotoka kwenye gari dogo, mna leseni ya D na daftari safi. Wa pili ni waliokuwa utingo kwa miaka, wamelala chini ya tela mpakani Kasumbalesa, wamebadilisha matairi usiku kwenye mvua, wanajua kwa kusikia tu kwamba mpira wa upepo unavuja upande gani. Huyo wa pili ni hazina. Mnunulie chai, muulize kila kitu.

Ila mchekeche. Miaka ile ile iliyompa ujuzi imempa na mazoea ya bosi wake: kushuka mlima gari likiwa nyutro, kufunga turubai kwa kukadiria, kukagua tairi kwa kulipiga teke. Mwalimu akisema kitu na yeye akacheka pembeni, msikilize mwalimu kwanza, kisha mfuate utingo nje umwulize kwa nini amecheka. Majibu ya hapo nje mara nyingi yana faida kuliko kipindi chenyewe.

Na wewe dada unayejiuliza kama darasa litakuwa na mwenzio: huenda lisiwe naye. Nguvu za mabega hazina kazi kubwa kama zamani, stelingi za siku hizi zinasaidiwa na mtambo. Kitakachokuumiza kichwa ni choo cha njiani, hicho ukiulize mapema kwa madada walioko barabarani. Wapo.

4. Zunguka gari kabla ya chai

Ukaguzi wa asubuhi una njia yake: anzia mlango wa dereva, zunguka upande mmoja tu kila siku, urudi ulipoanzia. Ukizunguka leo kulia kesho kushoto utaruka kitu. Gari la kawaida la masafa marefu hapa kwetu lina matairi 22: mawili ya mbele, manane ya kichwa nyuma, kumi na mawili ya tela. Yote uyafikie, pamoja na yale ya ndani yanayojificha nyuma ya mwenzake. Kila pacha uangalie kama jiwe limekwama katikati. Jiwe hilo likifyatuka kwa kasi litaingia kwenye kioo cha mtu.

Sogea karibu na nati za gurudumu. Ukiona mstari mwembamba wa kutu unaoshuka kutoka kwenye nati moja, kama machozi yaliyokauka, nati hiyo imelegea na imekuwa ikicheza. Huhitaji kifaa chochote kuliona hilo. Kisha inama: tone la mafuta chini ya injini, unyevu kwenye ukingo wa gurudumu, mpira wa upepo unaosuguana na fremu. Washa taa zote, uende ukazione mwenyewe nyuma, au mwenzio akuambie taa ipi ya breki haiwaki.

Wengi hufanya haya siku ya mtihani tu. Wewe fanya hadi miguu iende yenyewe.

5. Uelewe upepo kabla ya kuukanyaga

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo gari dogo na lori vinapoachana kabisa.

Gari lako dogo linasimama kwa mafuta ya breki yanayosukumwa na mguu wako. Lori linasimama kwa upepo. Injini inazungusha kompresa, kompresa inajaza matangi, na pedali yako kazi yake ni kufungulia upepo uende magurudumuni. Ndiyo maana ukiwasha asubuhi huondoki mara moja. Unasubiri mishale ya geji ipande, kwa kawaida hadi bar 8 na kuendelea. King'ora cha dashibodi kikiwa kinalia bado, tulia, gari linakwambia halina kitu cha kusimamia.

Sasa kuna jambo linalowachanganya wageni wote. Hendibreki ya lori haivutwi kwa upepo, inaachiwa kwa upepo. Ndani ya zile chemba mfano wa sufuria zilizoko kwenye ekseli kuna springi nene sana, na springi hiyo muda wote inataka kukaba breki. Upepo ndio unaoibana isikabe. Ukiisha upepo, springi inashinda na gari linajikaba lenyewe. Wahandisi walipanga hivyo makusudi: hitilafu ikitokea, lori lisimame, lisikimbie. Lakini halisimami kistaarabu. Likijikaba katikati ya barabara ya Chalinze usiku, umekuwa ukuta wa wenzako, na matawi ya miti ya kuwaonya peke yake hayatoshi. Weka pembetatu za kuakisi mbali nyuma yako. (Ukishatengeneza, yaondoe na hayo matawi. Wanaoyaacha barabarani sijui huwa wanafikiria nini.)

Kati ya kichwa na tela kuna mipira miwili ya upepo. Mwekundu unalisha matangi ya tela. Wa njano unapeleka amri ya mguu wako. Ukichomoka mwekundu, tela linajikaba. Ukichomoka wa njano, tela halitasikia amri ya pedali, na unaweza usijue hadi utakapokanyaga na kushangaa linakusukuma mgongoni. Kwa hiyo ukishaunganisha, jaribu breki ya tela peke yake ukiwa mwendo wa kutembea.

Mawili ya haraka: usikanyage na kuachia pedali mara kwa mara kama unapampu, kila mkanyago unakula upepo. Na matangi yamwage maji. Hewa ya pwani ina unyevu, ukiibana unageuka maji, na maji yanakula nafasi ya upepo na kuleta kutu.

6. Tela likishaunganishwa, livute

Kuunganisha tela kunaonekana rahisi kwa sababu wazoefu wanaifanya kazi hiyo kwa dakika chache huku wanaongea na simu. Unarudi nyuma polepole, ile sahani nene ya chuma iliyoko nyuma ya kichwa inaingia chini ya tela, pini ya tela inazama kwenye taya zake, unasikia "klak!" Wanafunzi wengi wakisikia hiyo klak wanadhani yameisha.

Klak si uthibitisho. Taya zinaweza kulia bila kufunga, hasa tela likiwa juu kidogo kuliko inavyotakiwa, pini ikakaa ukingoni. Kwa hiyo weka gia ya kwanza, miguu ya tela ikiwa bado chini na breki ya tela imekaba, uvute mbele taratibu. Likigoma, vizuri. Kisha zima, shuka, ingia na tochi uangalie kwa macho: taya zimeshika shingo ya pini, na kati ya sahani na tela hapapiti mwanga. Ndipo uunganishe mipira ya upepo na nyaya za taa, ndipo upandishe miguu.

Kuachanisha ni kinyume chake, na kosa lake ni moja, nalo linatisha: kufungua pini kabla ya kushusha miguu. Tela linapiga magoti. Na kama chini ni udongo laini, hata miguu iliyoshushwa inazama, kwa hiyo tafuta mbao za kuweka chini yake.

7. Gia: sikiliza, usipigane

Volvo na Scania nyingi za karibuni zinabadilisha gia zenyewe, na kijana akijifunzia hizo tu anafurahi hadi apewe Howo au gari la zamani la gia kumi na kitu. Ukiweza, jifunzie la mkono. Gia zisizo na kisaidizi zinataka klachi mara mbili: moja ya kutoa, moja ya kuingiza, na katikati yake unasikiliza mlio wa injini ushuke, au unaukanyagia upande. Zikigongana, meno yatalia na uwanja mzima utageuka kukutazama. Imewapata wote. Mkono uwe mlaini kwenye gia, ukilazimisha unalipa gia boksi ya mtu.

8. Rivasi ni kushuka na kutazama

Tela linaenda kinyume. Ukikata kulia, mkia wake unakwenda kushoto. Unalijua hilo kwa kusoma, lakini mikono hailijui, na itachukua muda kuijulisha. Kuna njia ya kuidanganya: shika stelingi kwa chini, pale namba 6 inapokaa kwenye saa ya ukutani. Ukisogeza mkono kulia, mkia wa tela unakwenda kulia. Kushoto, kushoto. Ghafla akili inatulia.

Kata kidogo na mapema. Mwanafunzi anakata sana kwa kuchelewa, tela linapinda kupita kiasi, anajaribu kulirekebisha kwa kukata zaidi, kichwa na tela vinakunjana kama kisu cha mfukoni, kioo kinakutana na kona ya tela. Ukiona mkunjo unakuzidi, usipigane nao kwa nyuma. Songa mbele, nyoosha, anza upya. Hakuna dereva aliyefukuzwa kazi kwa kusogea mbele mara tatu.

Ukiwa na hiari, chagua kurudi kuelekea upande wako, yaani kulia, ambako unaliona tela lote kwa kioo na hata kwa dirisha. Kurudi kuelekea kushoto ni kurudi gizani.

Kisha utasikia ule wimbo wa viwanja vyote: "Njoo, njoo, njoo… kata kulia… kata kulia… nyoosha… njoo… hapooo!" Anayeimba ni utingo au mwanafunzi mwenzio, na masharti yake ni mawili. Awe mmoja tu; wakiwa watatu wanaopiga makofi kila upande, zima gari hadi wakubaliane. Na asimame mahali unapomwona kwenye kioo. Akipotea kwenye kioo, simama hapo hapo, hata kama sauti yake bado inasema njoo. Huenda yuko nyuma ya tela.

Huna mtu wa kukuelekeza? Vuta hendibreki, shuka, nenda ukatazame, rudi. Shuka tena ukifika katikati. Watakaokuita mwoga hawatakuchangia kutengeneza ukuta wa watu.

9. Kushoto kwako kuna mtu

Ukikata kona, magurudumu ya tela hayafuati njia ya kichwa, yanaingia ndani zaidi. Kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo kona ya kushoto ndiyo finyu, na ni hiyo hiyo inayokulazimu utanue kwanza kulia. Bodaboda anaona umetanua, anaona nafasi imefunguka kushoto, anaingia. Hajui kwamba tela linakuja kuifunga. Na wewe, uliyekaa kulia juu, humwoni.

Dawa ni kuwasha indiketa mapema, kuacha pengo dogo lisilomtosha kupita, kutazama kioo cha kushoto kabla ya kukata, wakati unakata, na unapomaliza. Kingine kinachosahaulika ni mbele ya pua ya gari. Kabini ikiwa juu, mtoto au mama aliyebeba beseni akipita karibu na bampa anamezwa. Kwenye foleni ya Buguruni au Tandika, kabla hujaondoka, nyanyuka kidogo kwenye kiti uchungulie.

10. Mlima hupandwa kwa injini, hushukwa kwa injini

Kitonga, pale Iringa, ndiyo shule kuu ya barabara ya TANZAM. Kutoka Dar unaipanda umejaa, unatambaa na gia ndogo, unalalamikiwa na mabasi. Mtihani wenyewe uko kwenye kurudi, unapoishuka na mzigo wa shaba kutoka Zambia au Kongo. Sekenke kule Singida nayo ina visa vyake vya kusimulia, na Iwambi pale Mbeya.

Breki inageuza mwendo kuwa joto. Tani 50 zikishuka mlima mrefu zinatoa joto jingi kuliko dramu zinavyoweza kulitoa nje. Dramu ikipata moto inatanuka, lainingi inakosa kushika, unakanyaga na mguu unazama bila majibu. Kabla ya hapo utapata dalili moja, harufu ya kuungua, kali, inayoingia hadi kabini. Ukiisikia, tafuta pa kusimama salama, upoze. Usimwage maji kwenye dramu yenye moto, itapasuka.

Kwa hiyo kasi ipunguzwe na gia iingizwe kabla ya kuanza kushuka, mahali pakiwa bado tambarare. Madereva wa zamani wana kipimo: gia uliyopandia, shukia hiyo hiyo au ndogo yake. Malori ya leo yenye nguvu hupanda na gia kubwa, kwa hiyo kipimo hicho kiegemeze upande wa chini. Breki ya injini, na ritada (mtambo wa ziada wa kupunguza mwendo) kama ipo, zifanye kazi kubwa. Breki ya mguu uikanyage kwa uthabiti, mwendo ushuke, uiachie kabisa ipumue, kuliko kuikalia kidogo kidogo hadi bondeni.

Na kuhusu kuweka nyutro "kuokoa mafuta": utaambiwa na watu wazima wenye heshima zao. Kwenye injini za kisasa hata hesabu yao imepitwa. Gari likishuka likiwa kwenye gia na mguu haupo kwenye mafuta, mtambo unakata dizeli kabisa. Ukiweka nyutro, injini inabidi inywe ili isizime. Unalipia mafuta ya kupotezea breki.

11. Jifunze hesabu ya mizani

Kutoka Dar hadi Tunduma utapimwa mara kadhaa: Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako, Mpemba. Sheria ya uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016, iliyoanza kutumika Tanzania Machi 2019, inahesabu kwa ekseli na kwa jumla. Ekseli ya stelingi ni tani 8. Ekseli mbili pamoja za kichwa, zenye matairi pacha, 18. Ekseli tatu za tela, 24. Jumlisha: gari lako la matairi 22 linaishia tani 50. Kikomo cha juu kabisa cha gari lolote ni tani 56, na hicho ni cha wenye ekseli saba. Ukitoa uzito wa gari lenyewe, mzigo unabaki kwenye tani 30 hivi.

Unaweza kuwa chini ya 50 kwa jumla na bado ukakamatwa, kwa sababu mzigo umesukumwa mbele na ekseli za kichwa zimezidi. Aliyepakia ghalani yuko nyumbani amelala. Aliyesimama Vigwaza ni wewe. Kwa hiyo uwepo wakati wa kupakia, na mzigo mzito usikae wote upande mmoja. Mambo haya yanafundishika kwenye karatasi kabla hujashika stelingi, ndiyo maana nashangaa vyuo vingi vinayapitia juu juu.

12. Usingizi haubembelezwi

Kwa kilomita 80 kwa saa, mwendo wa juu wa lori kisheria, gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Ukisinzia sekunde tatu umepita mita 66 bila dereva. Mwili una saa zake mbovu, baina ya saa nane za usiku na alfajiri, na tena baada ya ugali wa mchana, na hata aliyelala vizuri huzisikia.

Kufungua dirisha, redio kubwa, mirungi, maji ya baridi usoni, vyote vinakufanya usinzie ukiwa umechangamka. Kinachotibu usingizi ni kulala, hata dakika 20 pembeni pa kituo chenye mwanga. Jizoeze tangu chuoni: ukija darasani umekesha, mwambie mwalimu, uache zamu yako ya stelingi.

13. Kazi ya kwanza iwe fupi

Ukihitimu, Lubumbashi isubiri. Omba kazi ya kutoa makontena bandarini kwenda bandari kavu na maghala ya Dar, au safari za Morogoro na Tanga. Hizo zinakupa rivasi, foleni na kuunganisha tela kila siku, na ukikwama fundi yuko karibu. Safari ndefu ukiianza, anza na dereva mzoefu pembeni. Lugha ya njia hiyo ni nyepesi kwako, maana ukivuka Zambia na kuingia Katanga unapokelewa na Kiswahili tena, kile cha Lubumbashi, ambacho utakicheka wiki moja kisha utaanza kukizungumza.

Tangi la mafuta liwe la mwisho kabisa. Kimiminika kinacheza: ukifunga breki kinakuja mbele, ukikata kona kinaegemea nje, na uzito wa juu unakupindua kwa kasi ambayo kontena lingevumilia. Likilala, kazi ya dereva aliye hai ni moja, kuwafukuza watu mbali. Agosti 10, 2019 pale Msamvu, Morogoro, tangi lilianguka, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakafa.

Kabla ya kusaini na mwajiri, muulize kwa maandishi: tairi likipasuka njiani nani analipa, faini ya mizani ni ya nani, posho ya safari inatolewa kabla au baada, na gari likiharibika mpakani unalala na kula kwa fedha ya nani. Kisha omba ulione gari lenyewe, na ulizunguke.